Kitabu cha Nasaba na Watunzaji Wake: Historia ya Kumbukumbu za Ng'ombe Nakuru

Miongo mingi kabla ya kompyuta kuingia katika ofisi za Kenya, wafugaji wa Bonde la Ufa la kati walikuwa tayari wanatunza hifadhidata, yaani hazina ya taarifa zilizopangwa ili kila moja iweze kutafutwa, kulinganishwa na kusahihishwa. Hazina hiyo ni kitabu cha nasaba, daftari kuu la vizazi vya mifugo, lililoanzishwa mwaka 1920, ambalo leo linasimamiwa kutoka Nakuru na shirika la wafugaji lijulikanalo kwa kifupi kama KLBO. Mwaka 1949 iliongezwa huduma ya kupima na kuandika maziwa, hivyo ukoo wa ng'ombe ukaanza kusomwa pamoja na mazao yake.

Utaratibu wenyewe ulidai uangalifu mkubwa. Ndama alipozaliwa, mfugaji aliandika tarehe, jinsia, namba ya mama na namba ya fahali, kisha akamtia ndama alama ya kudumu ili asichanganywe na mwingine. Maziwa ya asubuhi na ya jioni yalipimwa kwa mizani na kuandikwa, na jumla ikahesabiwa kwa siku 305, kwa kuwa ng'ombe anayezaa kila mwaka hupumzishwa kukamuliwa kwa takriban siku 60 kabla ya kuzaa tena. Namba moja ya fahali ikikosewa, kosa hilo hurithiwa na wazao wote wanaoandikwa baada yake.

Kwa sababu hiyo kazi hii haikuweza kuachiwa karani mmoja. Vyama vya wafugaji wa kila aina ya ng'ombe, wakiwemo Friesian, Ayrshire, Guernsey na Jersey, viliweka masharti ya usajili, vikakagua wanyama na kuwashindanisha katika maonyesho ya kilimo, ambako mwanachama alilazimika kuonyesha mbele ya wenzake mnyama aliyemwandika.

Hata hivyo jumuiya hiyo ilianza ikiwa na ubaguzi, kwani mashamba makubwa ya Njoro, Molo na Naivasha yalikuwa mikononi mwa walowezi wa Kizungu, na Waafrika wengi walifunguliwa njia ya kufuga ng'ombe wa gredi, yaani chotara wa ng'ombe wa kigeni, baada ya Mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954, mpango wa serikali ya kikoloni wa kukuza kilimo cha Waafrika. Baada ya uhuru mashamba mengi yaligawanywa, na ufugaji wa maziwa ukahamia kwa wakulima wadogo wenye ng'ombe wachache, ambao wengi hawakuingizwa katika usajili. Pengo hilo lina gharama, kwa maana uteuzi wa mafahali wa uhimilishaji, yaani upandishaji kwa mbegu zilizohifadhiwa, hutegemea kumbukumbu za mabinti wao, na mabinti wasioandikwa hawawezi kulinganishwa.

Historia hii inawahusu pia wasimamizi wa hifadhidata wa leo, ambao zana zao ni nyingine lakini wajibu wao ni uleule: kukubaliana juu ya kanuni, kukaguana na kuwafundisha wanaoingia katika kazi. Usahihi wa kumbukumbu hulindwa na jumuiya, na jumuiya inayowafungia watu mlango hupoteza taarifa zao. Inafaa basi mfugaji wa ng'ombe wawili apokewe katika kitabu cha nasaba kwa heshima ileile anayopewa mwenye mia mbili.