Samba: seva iliyojengwa kwa kutegea pakiti

Samba ni programu inayoiwezesha kompyuta ya Linux au Unix kusema lugha ya mtandao wa Windows, hivyo mafaili na printa zake zikaonekana kwa mtumiaji wa Windows kama vile zipo kwenye seva ya Microsoft. Imeshapita umri wa miaka 30. Imo ndani ya visanduku vya kuhifadhia mafaili vya Synology na QNAP, na wengi wanaofungua folda ya pamoja ofisini, iwe Canberra, Berlin au Nairobi, hawajawahi kulisikia jina lake. Hata mafundi wengi wanaoiwasha kwa kubofya kitufe kimoja hawajui kwamba sehemu kubwa yake ilitokana na hitilafu ambayo mtu fulani alikaa nayo mpaka akaielewa. Programu hii haikuandikwa kwa kufuata mwongozo, maana kwa miaka mingi mwongozo kamili wa lugha hiyo haukuwepo.

Itifaki inayotumiwa, SMB, ilibuniwa na Barry Feigenbaum wa IBM mwanzoni mwa miaka ya 1980. Microsoft ikaichukua, ikaipanua na kuifanya msingi wa mitandao ya Windows.

Mwishoni mwa 1991, Andrew Tridgell alikuwa mwanafunzi wa uzamivu katika Chuo Kikuu cha Taifa cha Australia, Canberra. Alitaka kutumia programu ya kampuni ya Digital iliyofanya kazi juu ya mtandao wa Pathworks tu, ilhali mafaili yake yalikuwa kwenye kompyuta ya Unix ya Sun. Akaandika programu ya kunasa pakiti zinazopita mtandaoni, akazisoma baiti kwa baiti, kisha akatunga seva iliyojibu vilevile. Toleo la kwanza lilitoka Januari 1992. Tridgell hakujua kwamba alichokiiga ni SMB. Alidhani ni siri ya Digital peke yake. Baadaye akaiweka kando kwa karibu miaka miwili, mpaka alipotaka kuunganisha kompyuta ya Windows ya mkewe na ya kwake ya Linux. Akaijaribu kazi ile ya zamani, ikakubali.

Jina la kwanza lililoenea, smbserver, lilizua matatizo kwa sababu kampuni ya Syntax ilikuwa inalimiliki kama alama ya biashara. Tridgell akaiamuru kompyuta itafute kwenye orodha ya maneno ya Unix kila neno lenye herufi S, M na B kwa mfuatano huo. Kati ya machache yaliyotoka, samba lilikuwa ndilo linalotamkika vizuri.

Mbinu yake ya kujifunza itifaki aliieleza mwenyewe mwaka 2003 kwa mfano wa mgeni aliyeketi kwenye mkahawa wa Kifaransa bila kujua Kifaransa: anasikiliza wateja wanaagiza nini, anaangalia mhudumu analeta nini, na polepole anaanza kuagiza. Lakini kusikiliza kuna mpaka, kwani yapo maagizo ambayo hakuna mteja anayeyatoa. Kwa hayo, timu ya Samba iliandika programu za kutuma kila namba ya amri inayowezekana na kuangalia ni zipi Windows inazijibu kwa kosa la aina nyingine. Kisha ukaja uvumbuzi ulio bora kuliko wote: zana kama locktest hutuma maombi ya kubahatisha kwa seva mbili kwa wakati mmoja, moja ya Windows na moja ya Samba, na kulinganisha majibu. Majibu yakitofautiana, zana hupunguza maombi mpaka yabaki machache kabisa yanayotosha kuionyesha tofauti hiyo. Hapo mwandishi wa programu ana hitilafu mkononi, na papo hapo ana kanuni mpya ya itifaki.

Hitilafu zenyewe zilitokana na mifumo miwili isiyokubaliana hata juu ya faili ni nini. Kwa Unix, Barua na barua ni mafaili mawili. Kwa Windows ni moja. Programu za DOS zilitaka majina ya herufi 8 na kiambishi cha herufi 3, kwa hiyo Samba ililazimika kuyakata majina marefu na kuyakumbuka. DOS ina alama inayosema faili halijahifadhiwa nakala, Unix haina. Timu ikaificha alama hiyo ndani ya ruhusa ya mwenye faili ya kuliendesha kama programu, na ndiyo maana wasimamizi wengi walishangaa kuona hati za kawaida zimegeuka kuwa mafaili ya kuendeshwa. Ilikuwa hila, lakini ilifanya kazi.

Mwaka 1997, Windows NT 4 ilipopata furushi la tatu la masahihisho, ilianza kukataa kutuma nywila isiyofichwa. Seva za Samba zilizokuwa zikifanya kazi jana yake zikaanza kuwakataa watumiaji, ingawa hakuna kilichoguswa upande wa seva. Wenye haraka walibadilisha rejista ya kila kompyuta ya Windows ili irudi kwenye tabia ya zamani. Wenye busara walijifunza kutunza nywila zilizofichwa kwenye Samba, kazi ndefu zaidi lakini salama.

Kilichowachosha mafundi zaidi ni uchaguzi. Katika mitandao ile, kompyuta zilichagua moja iwe mtunza orodha ya wenzake. Windows 95 iliingia ikiwa na uzito wa 1, seva ya NT uzito wa 32. Mwongozo wa Samba ulionyesha kuandika 65 kwenye faili la mipangilio, smb.conf, ili mashine ya Linux ishinde kompyuta yoyote ya Windows. Zikiwekwa mbili za namna hiyo kwa pupa, zote zikiamriwa kulazimisha uchaguzi, zilishindana mara kwa mara na orodha ya majirani ikayumba. Hata mambo yakiwa shwari, kompyuta iliyozimwa ghafla ingeweza kubaki kwenye orodha hadi dakika 36, na fundi akaapa kwamba ipo. Dawa ilikuwa hati fupi ya Tridgell ya kupekua hitilafu kwa hatua: kwanza testparm kukagua smb.conf, kisha ping, kisha smbclient kutoka kwenye seva yenyewe, kisha nmblookup kupima majina, na ndipo uende kwenye Windows. Hatua ikishindwa, huendi mbele. Nidhamu hiyo bado ina thamani kuliko mafunzo mengi ya leo yanayoanza na kuzima kinga ya mtandao.

Toleo la 2.0 lilitoka 1999, na 3.0 mwaka 2003. Katikati ya hayo, mwaka 2000, timu iligawanyika na tawi la Samba TNG likaenda njia yake. Lakini vita kubwa zaidi, ya kupata maelezo ya itifaki kutoka Microsoft, ilihamia mahakamani.

Mwaka 1998 Sun Microsystems iliilalamikia Microsoft kwa Tume ya Ulaya kwamba inaficha maelezo ambayo seva nyingine zinayahitaji ili kufanya kazi na Windows. Machi 2004 Tume iliitoza Microsoft faini ya euro milioni 497 na kuiamuru itoe maelezo hayo. Microsoft ikakata rufaa, na huku ikipatana na wapinzani wake mmoja mmoja. Sun ilipata karibu dola bilioni 2 mwezi Aprili mwaka huohuo na kunyamaza. Novell ilipata dola milioni 536 na kujitoa. RealNetworks ikafuata 2005 kwa dola milioni 761. Miongoni mwa waliobaki upande wa Tume walikuwa Samba na taasisi ya programu huria ya Ulaya, FSFE, wakiwakilishwa na wakili Carlo Piana.

Januari 2006 Microsoft ilisema ingewapa washindani leseni ya kusoma msimbo wa Windows badala ya maelezo. Kwa watu wa Samba ofa hiyo ilikuwa mtego, kwa sababu aliyeusoma msimbo wa kampuni angeweza kushtakiwa kwa kuunakili. Aprili 2006 kesi ilisikilizwa Luxembourg mbele ya majaji 13. Microsoft ilidai kwamba seva zake huzungumza zenyewe kwa zenyewe ndani ya “kiputo cha buluu” ambacho mgeni hawezi kuingia bila kunakili Windows nzima. Tridgell alikuwepo kueleza kwamba ujumbe ni ujumbe, na ukijua unavyopangwa utaujibu kwa msimbo wako mwenyewe. Tarehe 17 Septemba 2007 mahakama iliunga mkono Tume. Mwezi uliofuata bei ya maelezo ikashuka hadi euro 10,000, na Desemba 20 shirika lililoundwa kwa ajili ya Samba na programu huria nyingine likatia saini. Masharti yaliruhusu maelezo kubaki siri lakini programu itokanayo nayo kuchapishwa wazi. Ushindi huo uliletwa na watu waliokataa kunyamaza, na unastahili kufundishwa kwenye vyuo vya kompyuta kuliko inavyofanyika sasa.

Kilichofuata ni kifupi. Mwaka 2011 Microsoft yenyewe ilichangia msimbo kwa Samba, na mwaka huohuo Apple iliiondoa kwenye Mac na kuweka programu yake. Desemba 2012 toleo la 4.0 liliweza kuongoza mtandao wa Active Directory, mfumo wa Microsoft wa kusimamia watumiaji na kompyuta, baada ya kazi ya miaka kumi. Mei 2017, siku chache baada ya kirusi cha WannaCry kupenya kwenye Windows kupitia toleo la kwanza la itifaki ya SMB, tundu jingine liligunduliwa ndani ya Samba lililokuwepo tangu toleo la 3.5. Toleo la 4.11 la mwaka 2019 liliizima itifaki hiyo ya kwanza ya SMB isipokuwa msimamizi akiiwasha kwa makusudi. Na 2021 kiini cha Linux, katika toleo la 5.15, kilipata seva yake ya SMB iitwayo ksmbd, ndogo na yenye kasi, ambayo haina uwezo wa Samba wa kuongoza Active Directory.