Kimia cha Neyman

Juni 1934, London. Mtakwimu wa Kipoland, Jerzy Neyman, anasoma andiko lake mbele ya Royal Statistical Society. Ndani yake kuna kitu kipya. Ukiutafuta wastani wa umma mzima na umepima wachache tu, usitoe nambari moja. Toa mbili, ya chini na ya juu, pamoja na kiwango cha imani. Siku hizi mara nyingi ni asilimia 95. Tuyaite masafa ya imani.

Arthur Bowley, mkongwe wa mambo ya sampuli Uingereza, alimsifu kisha akamchoma: hakuwa na hakika kama hiyo "imani" si ile ya matapeli, wanaokujengea imani kwanza ndipo watoweke na pesa zako. Halafu akauliza la maana zaidi. Je, masafa haya yananiambia kuna uwezekano gani kwamba ukweli umo humu ndani? Yeye aliona hayasemi.

Na kweli hayasemi. Mimi nilijikwaa hapo hapo. Niliwahi kuandika habari ya utafiti wa mapato, nikasema "kuna uwezekano wa asilimia 95 kwamba wastani halisi uko kati ya hapa na pale." Mhariri akapitisha. Msomaji hata mmoja hakulalamika.

Mfikirie mvuvi anayemrushia kimia samaki asiyeonekana na asiyehama. Samaki ndiye wastani: hatumjui alipo, ila katulia. Kinachohama ni kimia, maana kila sampuli mpya inaangukia kwingine. Asilimia 95 ni sifa ya mkono wa mvuvi: akirusha mara nyingi sana, takriban mara 95 katika kila 100 samaki atakuwemo. Kimia kikishatua, samaki yumo au hayumo, basi. Mwaka 1937 Neyman mwenyewe alilirudia swali hilo kwa maandishi, na jibu lake likawa hapana.

Inaudhi, maana sote tunataka alichotaka Bowley. Njia ya kukipata ipo, ile ya kale ya kasisi Thomas Bayes, lakini yenyewe inakudai useme kwanza uliamini nini kabla ya kupima. Neyman hakutaka kulipa bei hiyo. Mimi sikulipa, na mzigo nikaubeba.

Siku hizi naandika "kwa njia inayopatia takriban mara 95 kati ya 100, wastani umekadiriwa kuwa…" Mhariri anaikata kila mara. Eti ni ndefu.