Vitabu vya kusoma safarini: Kiswahili si vitabu vya mtihani pekee

Mtito Andei, katika Kaunti ya Makueni, ni takriban nusu ya safari ya Nairobi kwenda Mombasa. Mabasi husimama hapo ili abiria wale na kunyoosha miguu, na reli ya SGR iliyozinduliwa mwaka 2017 ina kituo mjini humo. Kabla na baada ya mapumziko hayo, msafiri ana saa kadhaa za kukaa kitini.

Muda huo unatosha kusoma. Hata hivyo, kwa Wakenya wengi kitabu cha mwisho cha Kiswahili walichokifungua ni kile walichotahiniwa katika kidato cha nne. Aliyesomea alama pekee huondoka shuleni akidhani fasihi ya Kiswahili ni maswali na majibu. Vitabu vifuatavyo, vipya na vya zamani kidogo, vinaonyesha vingine.

Hadithi za katuni

Anayesafiri na mtoto, au aliyeacha kusoma kwa miaka mingi, na aanzie hapa. Abunuwasi ni kazi ya Gado, mchoraji mzaliwa wa Dar es Salaam aliyejipatia sifa katika magazeti ya Nairobi. Kilichapishwa na Sasa Sema katika miaka ya 1990, na kinasimulia kwa picha visa vya mjanja anayejulikana pwani nzima.

Riwaya za kusisimua

Mlango wa utanzu huu ni Mzimu wa Watu wa Kale (1960) ya Muhammed Said Abdulla, anamochunguza mpelelezi Bwana Msa. Anayependa mwendo wa kasi zaidi ana Elvis Musiba na jasusi wake Willy Gamba, au Ben Mtobwa na Joram Kiango. Miongoni mwa waandishi wa karibuni, Hussein Tuwa ana Mkimbizi na Mdunguaji, naye Halfani Sudy alipata tuzo ya Safal-Cornell mwaka 2021 kwa Kirusi Kipya.

Riwaya za jamii na historia

Vuta N'kuvute (1999) ya Adam Shafi inamfuata Yasmin, msichana wa asili ya Kihindi aliyeozwa mume mzee, katika Zanzibar ya kupigania uhuru. Filamu yake ilitoka mwaka 2021. Mungu Hakopeshwi ya Zainab Alwi Baharoon, iliyotuzwa mwaka 2018, inaingia ndani ya nyumba ambamo neno la baba ndilo sheria.

Peponi (2022) ni tafsiri ya Ida Hadjivayanis ya riwaya ya Abdulrazak Gurnah, mshindi wa Nobel wa mwaka 2021. Mvulana Yusuf anapakiwa kwenye treni kuelekea pwani, kumbe ametolewa rehani kwa deni la babake. Kwa abiria wa njia hii, ndicho kitabu cha kwanza kupendekezwa.

Safari za angani

Walenisi (1995) ni ya Katama Mkangi, aliyewahi kuwekwa kizuizini bila kufikishwa mahakamani katika miaka ya 1980. Dzombo, mfungwa aliyehukumiwa kifo, anarushwa angani na kutua katika nchi yenye haki. Jina la nchi hiyo, likikatwa vipande, husomeka "wale ni sisi".

Maisha ya waandishi

Ken Walibora, aliyefariki Aprili 2020, aliacha Nasikia Sauti ya Mama (2014), tawasifu inayosomeka kama riwaya. Adam Shafi anasimulia safari za ujana wake katika Mbali na Nyumbani (2013).

Ushairi

Diwani ya Dotto Rangimoto, Mwanangu Rudi Nyumbani, iliyotuzwa mwaka 2017, yafaa kwa safari fupi, kwani shairi moja huisha kabla ya kituo kinachofuata.

Baadhi ya vitabu hivi vilichapishwa Tanzania, hivyo ni vyema kumwagiza muuzaji mapema kwa jina la kitabu na la mwandishi. Anayechagua kimoja tu na achukue Peponi; anayeogopa kusinzia na achukue Musiba.