Usiuziwe Land Rover kwa Kuangalia Taa

Jirani yangu alinunua pikapu kuukuu ya Land Rover. Dalali alimwapia kuwa ni Series III, kwa kuwa taa kubwa ziko kwenye mudigadi. Akalipa bei ya Series III. Fundi alipofungua mlango tu, akatikisa kichwa.

Basi leo tulizungumzie gari hili, ambalo kwa wazee wetu lilikuwa gari la Bwana DC na polisi, na baadaye likawa la bwana shamba.

Land Rover ilionyeshwa mara ya kwanza Amsterdam, Aprili 1948. Uingereza ilikuwa imetoka vitani na chuma kilikuwa adimu, ndiyo maana bodi ikatengenezwa kwa aluminiamu. Hiyo ndiyo Series I: ubavu wake umenyooka kama ukuta, na kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma ilianza na inchi 80. Pikapu ndefu ya inchi 107 ilikuja katikati ya miaka ya 50. Mwaka 1956 zikaongezwa inchi mbili mbele ili injini mpya ya dizeli ipate nafasi. Hapo ndipo ilipozaliwa 109.

Mwaka 1958 ikaja Series II. Ipitishie mkono ubavuni: utasikia bodi imetuna kidogo chini ya madirisha. Mwaka 1961 ikafuata IIA. Kwa miaka mingi taa zake zilikaa katikati, karibu na wavu wa rejeta. Lakini sheria za taa za nchi kadhaa zilibadilika, na mwishoni mwa miaka ya 60 taa zikahamia kwenye mudigadi. Hapo ndipo jirani yangu alipopotea: taa za pembeni zilikuwapo kabla ya Series III, iliyotoka mwaka 1971.

Series III ina wavu wa plastiki, lakini wavu hufungwa kwa skrubu, na dalali ana bisibisi. Angalia ndani. Kwenye II na IIA, spidomita iko katikati ya dashibodi. Kwenye III iko mbele ya dereva. Kisha endesha. Kwenye Series III gia zote nne za mbele huingia kwa ulaini. Kwenye zile za awali, gia ya kwanza na ya pili hukwaruza usipokanyaga klachi mara mbili.

Hata hivyo, dashibodi nayo hubadilishwa. Kwa hiyo maliza kwa kulala chini ya gari. Aluminiamu haishiki kutu, lakini chesisi ni chuma, nayo huoza huku bodi ikimeremeta. Soma namba iliyopigwa hapo, uilinganishe na kadi. Zikitofautiana, rudisha pesa mfukoni.

Gari kuukuu si aibu. Aibu ni kuuziwa mbuzi kwenye gunia, na gunia lenyewe lina madirisha. Hadi wiki ijayo, kwaherini.