Bizari ya nyumbani na friza: namna ya kuikomboa jioni

Swali ninaloulizwa sana na dada zangu wanaofanya kazi na kulea ni hili: wapata wapi muda wa kushona kofia? Wengi hudhani nakesha, au kwamba nina msaidizi wa nyumbani. Sina, na baada ya Isha macho yangu hayana nguvu ya kufuata uzi mweupe juu ya kitambaa cheupe. Muda wenyewe nauchukua jikoni.

Vitabu vya shule hukiita kitu kama hiki uraibu. Mitaani kwetu neno hilo limechafuka, ukilitaja watu wafikiria mihadarati, kwa hiyo mimi nasema tu shughuli ya moyo. Yako huenda ni kusuka ukili, kudarizi, kutunga mashairi, kulima maua ndani ya makopo barazani au kusoma kitabu bila kuitwa mara kumi. Yote yahitaji saa nzima isiyokatwakatwa, na saa hiyo ndiyo inayomkosa mwanamke wa Pwani, hasa baina ya Asri na Magharibi.

Angalia mchuzi wa kawaida wa nyama. Nyama yaiva yenyewe juu ya moto, haikuhitaji. Kinachokula mikono ni kumenya thomu, kuparua tangawizi, kukata vitunguu, kusaga tungule, kukaa juu ya mbuzi kukuna nazi, na kutafuta hiliki iko mkebe gani. Kazi hizo ni zile zile Jumatatu na Alhamisi, kwa mchuzi wa kuku na kwa mbaazi. Kwangu, nyumba ya watu sita, matayarisho hayo pekee yalikuwa yakichukua zaidi ya saa moja kila jioni.

Ndiyo maana ninachogandisha zaidi ni mianzo ya vyakula. Wapishi wengi wa ng'ambo hufundisha kupika chakula kizima cha wiki, kukigawa na kukigandisha, kisha kila siku ni kupasha moto. Kwa chakula chetu sioni njia hiyo ikifaa sana. Viazi vya mchuzi vikigandishwa hutoka vikiwa kama mchanga na maji, yai la kuchemsha huwa kama mpira, kachumbari hunyauka kabisa. Na watu wa nyumba zetu waijua ladha ya chakula cha juzi hata ukiificha kwa ndimu. Mwanzo ukiwa tayari, chakula hupikwa siku hiyo hiyo na huliwa kibichi cha moto, ila wewe umekaa jikoni nusu ya muda.

Tuanze na bizari, kwa kuwa haihitaji friza wala umeme. Jina lenyewe lina vurugu. Kwetu bizari ya mchuzi ni mchanganyiko wa viungo vingi, lakini ukivuka mpaka kuingia Tanzania ukataja binzari, wengi watakuletea manjano. Kwa hiyo ukiomba kipimo kwa jamaa wa upande ule, uliza kwanza mnazungumzia kitu gani.

Kipimo changu cha bizari ya pilau ni hiki: bizari nyembamba, ambayo wengine huiita uzile, gramu 100, pilipili manga gramu 30, hiliki gramu 20, mdalasini gramu 20, karafuu gramu 10. Karafuu usiizidishe, hufunika kila kitu na kuacha ulimi na ganzi. Nunua viungo vizima, Marikiti au popote unapoamini, kwa sababu kilicho kizima wakiona kwa macho. Unga uliokwisha kusagwa huwezi kujua umechanganywa na nini, wala umekaa dukani tangu lini. Chambua mawe na vijiti. Weka viungo kwenye kikaango kikavu juu ya moto mdogo, geuza bila kuondoka, kama dakika tatu au nne, mpaka harufu ipande. Vimwage kwenye sinia vipoe kabisa kabla ya kusaga. Vikisagwa vya moto hutoa mvuke ndani ya chupa, na unga hushikana mabonge. Vijiko viwili vya mezani vyatosha kilo moja ya mchele, pamoja na vipande vichache vya mdalasini na hiliki nzima vya kuonekana sahanini.

Bizari ya mchuzi ni giligilani, yaani mbegu za dania, gramu 100. Bizari nyembamba gramu 50. Manjano ya unga gramu 25. Pilipili manga gramu 15. Mdalasini gramu 10. Uwatu gramu 5, na pilipili kavu kwa kadiri ya wenye nyumba. Manjano hayakaangwi, yatiwe mwisho baada ya kusaga. Uwatu nao ukiungua huwa mchungu, kwa hiyo uingie kikaangoni vyengine vikikaribia kuwa tayari.

Adui wa bizari Pwani ni unyevu. Miezi ya Kaskazi ndiyo mizuri ya kuanika na kusaga. Masika yakiingia, saga kidogo kidogo. Tumia chupa ndogo za glasi zenye kifuniko cha kukaza, na usiziweke rafu ya juu ya jiko zinakopata joto na mvuke, ingawa ndiko zinakopendeza. Kijiko kiwe kikavu. Unga hupoteza nguvu kadiri miezi inavyopita, na ukifika sita au karibu na hapo harufu ni nusu. Viungo vizima hukaa zaidi ya mwaka.

Bizari zangu hazina chumvi hata chembe, na hili nalishikilia. Vidonge na pakiti za dukani za kutia ladha, soma maandishi ya nyuma: viungo hupangwa kwa uzito, kilicho kingi kikitajwa kwanza, na mara nyingi cha kwanza ni chumvi. Shirika la Afya Duniani lapendekeza mtu mzima asifike gramu 5 za chumvi kwa siku, ambayo ni chini kidogo ya kijiko kimoja cha chai. Nyumba yenye mzee wa presha, kidonge kimoja sufuriani pamoja na chumvi ya mkono hulimaliza hilo upesi. Ukiwa na bizari yako, ladha iko upande mmoja na chumvi upande mwengine, na kila moja waipima peke yake.

Sasa friza. Kitu cha kwanza ni thomu na tangawizi: nusu kilo kwa nusu kilo, vimenywe, visagwe na mafuta kidogo, vimwagwe kwenye trei za barafu. Vikiganda vitoe uviweke kwenye chombo, na kila mchuzi chukua kipande kimoja au viwili. Angalizo hapa ni zito. Thomu iliyosagwa na mafuta isiachwe juu ya meza wala kabatini siku nzima, kwa kuwa ndani ya mafuta hakuna hewa, na kijidudu cha sumu kali kiitwacho botulinamu hupenda hali hiyo. Iende friza moja kwa moja.

Cha pili ni vitunguu vya kukaanga. Kaanga kilo mbili au tatu kwa mpigo mpaka viwe rangi ya dhahabu, chuja mafuta, gawa kwa kipimo cha sufuria moja. Hivyo hutengeneza rojo la biriani, pilau na kuku kwa dakika chache. Tungule zikiwa rahisi sokoni, zisage, zipike na thomu mpaka maji yakauke na mafuta yapande juu, kisha zigandishe bila chumvi. Nazi ikunwe nyingi siku moja, igawanywe kwa kipimo cha nazi moja moja. Siku ya kupika tia maji ya vuguvugu, kamua tui kama kawaida. Tui lenyewe pia hugandishika. Litajitenga likiyeyuka, usiogope, likoroge juu ya moto mdogo litarudi.

Mbaazi na maharagwe ndipo gesi inapookolewa hasa. Chemsha kilo mbili pamoja, gandisha na maji yake kidogo, kisha siku yake ni kutia tui na bizari tu. Maharagwe mekundu yana sumu ya asili inayoondoka kwa kuchemka sawasawa: yaloweke usiku kucha, mwaga maji, yachemshe kwa moto mkali angalau dakika 10 ndipo upunguze.

Sambusa sina haja ya kuwafundisha, kila nyumba hujaza friza mwezi wa Shaaban. La kuongeza ni kuzigandisha kwanza zikiwa zimetandazwa kwenye sinia, zisigusane, ndipo zikusanywe. Na zikaangwe vile vile bila kuyeyushwa, kwa moto wa kadiri. Kwa mishkaki, nyama igandishwe na thomu, tangawizi na bizari, lakini papai bichi litiwe siku ya kuchoma. Papai huendelea kulainisha nyama inapoyeyuka, utatoa kitu kisichoshika mshikaki. Samaki mimi sigandishi, nikiwa na bahari mlangoni, na samaki wengine sokoni wameshaganda na kuyeyuka mara moja kabla hujawaona.

Tangu marufuku ya mifuko ya plastiki ya Agosti 2017, wengi wetu twatumia mikebe ya aiskrimu na deli ndogo. Zafaa. Ukitumia chupa ya glasi acha nafasi juu, maji yakiganda hutanuka na chupa hupasuka. Andika jina na tarehe, kwani mbaazi na rojo zikiwa barafu zafanana.

Baridi ya nyuzi 18 chini ya sifuri huwalaza vijidudu, haiwaui. Kwa joto letu, chakula kilichopikwa kisikae nje zaidi ya saa moja kabla ya kuingia kwenye baridi. Kitandaze kwenye sinia pana kipoe haraka. Hasa wali, ambao una kijidudu kisichokufa kwa kuchemshwa. Nyama iyeyushwe rafu ya chini ya friji, na mbichi iliyoyeyuka irudi friza baada ya kupikwa tu. Umeme ukikatika usifungue mlango: friza iliyojaa hushika baridi kama saa 48, iliyo nusu saa 24. Weka ndani kikombe cha maji yaliyoganda na sarafu juu yake. Ukirudi safari ukaikuta sarafu imezama, vilivyomo viliyeyuka ulipokuwa hupo.

Hesabu yangu ni hii. Kila baada ya wiki mbili, Jumamosi asubuhi, nakaa jikoni saa tatu. Kila jioni ya kazi nimepunguza kama saa moja, siku tano kwa wiki, yaani saa kumi kwa wiki mbili. Toa tatu, zabaki saba. Kwa saa saba ukanda wa kofia husogea vidole kadhaa, na kofia ya mkono ni kazi ya miezi. Za mashine zimejaa madukani na ni rahisi, kwa hiyo asiyekuwa na saa zake hawezi hata kujifunza, achilia mbali kufundisha binti yake.

Saa hizo zina wagombea wengi. Mara ya kwanza watu wakikuona umekaa saa kumi na moja jioni na sindano mkononi, kila mmoja atakukumbuka: kuna nguo za kupiga pasi, kuna shangazi hajatembelewa. Mwenye nyumba atauliza kama chakula kiko tayari; mjibu kiko tayari saa moja, kama jana. Nyumbani kwangu thomu humenywa na wanangu wa kiume, kilo nzima, na hakuna aliyepungukiwa na kitu.

Anayetaka kuanza asinunue friza mpya wala mikebe ishirini. Sehemu ya barafu ya friji ya kawaida yatosha trei mbili za thomu na tangawizi. Jaza hizo Jumamosi hii, na uangalie Jumatano umeingia jikoni saa ngapi na umetoka saa ngapi.