Uga wa sumaku unaishia wapi?

Kijana anayenunua vyuma chakavu mtaani kwetu hutembea na sumaku ya spika, ile pete nyeusi nzito, ameifunga kwenye kipande cha waya. Ukimletea bomba kuukuu hakuulizi limetengenezwa kwa madini gani. Huishusha sumaku juu yake taratibu. Ikinasa, hicho ni chuma na bei yake ni ya chuma. Ikibaki inaning'inia, huchuchumaa akakwangua rangi kwa kisu, maana huenda ni shaba, na shaba ina mazungumzo yake. Mimi hupenda kuangalia kinachotokea kabla ya kunasa. Sumaku ikiwa bado sentimita mbili tatu kutoka kwenye bomba, waya huacha kuning'inia wima, ukaegemea upande wa chuma. Katikati pana hewa tupu, hakuna uzi wala mkono, na bado kitu kinavuta.

Kilichomo kwenye hewa ile ndicho wanafizikia wanachokiita kwa Kiswahili uga wa sumaku. Wengine huandika uga sumaku, au hulifanya neno moja, ugasumaku. Utakuta pia uwanja wa sumaku na eneo la sumaku. Nitasema mapema nilipo: mimi ni wa uga, na nina sababu.

Mpwa wangu alikuja likizo akiwa kidato cha pili. Shule ya msingi alijifunza kwa Kiswahili kwamba sumaku ina ncha mbili, ncha zinazofanana hufukuzana na zisizofanana huvutana. Sekondari lugha ikabadilika, naye akarudi na maelezo ya Kiingereza aliyoyakariri neno kwa neno.

"Mjomba," akaniuliza, "hii magnetic field kwa Kiswahili inaitwaje?"

"Uga."

"Uga kama ule wa kwa bibi?"

"Neno ni lilo hilo, mama."

Akanyamaza kidogo. "Ule wa kwa bibi unaishia kwenye michongoma. Huu unaishia wapi?"

Sikumjibu siku ile, kwa sababu swali lake lilikuwa limegusa fizikia na lugha kwa pamoja, na nilitaka nisimharibie hata moja.

Uga, kwa asili yake, ni ule uwazi ulio mbele ya nyumba au katikati ya nyumba za mji: hufagiliwa asubuhi, nafaka huanikwa hapo, watoto huchezea hapo, ngoma huchezwa hapo. Wakenya hulisikia neno hili kila wikendi redioni, maana watangazaji wao wa michezo husema uga wa Nyayo na uga wa Kasarani pale ambapo Mtanzania angesema uwanja. Kwa hiyo ni neno lililo hai pande zote mbili za mpaka, ila mmoja amelipokea kwenye mpira na mwingine amelipokea kwa bibi yake.

Ubaya wa eneo la sumaku unajitokeza mara tu unapoanza kupiga hesabu. Eneo lina kazi yake tayari: ni urefu mara upana, ni mita za mraba. Na moja ya hesabu muhimu kabisa za somo hili, ile inayoeleza jinsi jenereta inavyozalisha umeme, huhitaji kuzidisha uga kwa eneo la duara la waya. Jaribu kusema "eneo la sumaku mara eneo la waya" mbele ya darasa, uone macho ya wanafunzi. Uwanja nao una tatizo jingine. Umeme una uga wake kama sumaku ilivyo na wake, na hata dunia ina uga wa mvutano unaorudisha embe chini. Ukisema uga wa umeme, unaeleweka. Ukisema uwanja wa umeme, mtu wa kawaida ataona seng'enge, transfoma na kibao chenye fuvu la kichwa.

Wapo wanaokwepa yote hayo wakasema tu "nguvu ya sumaku". Hili ndilo kosa linalonisumbua zaidi, kwa kuwa linafuta wazo lenyewe. Nguvu, au kani kama vitabu vya fizikia vinavyopenda, ni kile kinacholipata bomba linapokaribiwa. Ondoa bomba: kani haipo, kwa kuwa hakuna cha kuvutwa. Uga upo. Umekaa kwenye hewa ile ile, hata kama hakuna chuma cha kuuhisi.

Anayetukuta tukihangaika na neno la uani asidhani Waingereza walipata lao, field, mahali pa heshima zaidi. Michael Faraday, mtoto wa mhunzi aliyejifunza kujalidi vitabu kabla ya kuingia maabara ya Royal Institution jijini London, alianza kuliandika kwenye daftari lake la majaribio mwaka 1845, na lilikuwa neno la wakulima, la konde na malisho. Hakuwa na hisabati. Alikuwa na sumaku, karatasi na vumbi la chuma. Miaka 20 baadaye, mwaka 1865, James Clerk Maxwell, aliyekuwa na hisabati tele, alichapisha nadharia iliyouvisha uga milinganyo, na ndani ya milinganyo hiyo akakuta kwamba mwanga wenyewe ni wimbi la sumakuumeme. Neno la konde lilibeba mzigo huo wote bila kuvunjika. Sioni kwa nini neno la uga wa kufagia lishindwe.

Ila lazima mzigo wenyewe usemwe sawasawa. Katika fizikia uga si kipande cha ardhi. Ni hali ya nafasi: kila nukta unayoinyooshea kidole, hapo karibu na sumaku au mbali nayo, ina ukubwa fulani na uelekeo fulani. Watu wa pwani wanalo wazo hili tayari, kwa sababu wanaishi na kusi na kaskazi. Simama Forodhani, simama Nungwi, simama katikati ya mlango wa bahari. Kila mahali kusi ina kasi yake na inaelekea upande wake, na hakuna anayeuliza ukuta wa kusi uko wapi. Mfano huu una mwisho wake: upepo ni hewa inayosafiri, wakati katika uga wa sumaku iliyotulia hakuna kitu kinachotiririka kutoka ncha hii kwenda ile. Mishale tunayochora vitabuni huonyesha uelekeo tu.

Siku ya pili nikamwita mpwa wangu. Tulikuwa na sumaku ya spika ya redio iliyokufa, karatasi, na vumbi la chuma nililoomba kwa fundi wa kuchomelea mageti. Chini ya meza yake lipo tele, anapokata vyuma kwa grenda. Tukaweka karatasi juu ya sumaku, akanyunyiza vumbi kama anayetia chumvi, kisha akaigonga karatasi kwa ukucha. Mara moja, mara mbili, na vumbi likajipanga: nyuzi zilizosimama wima kama nywele juu ya uso wa sumaku, na pembeni nyuzi zilizojikunja kuelekea chini.

"Kwa hiyo ndiyo hii mistari, mjomba. Na hapa katikati ya mistari hamna kitu?"

Swali hili huulizwa na karibu kila anayeliona jambo hili kwa mara ya kwanza, na jibu ni kwamba hapo katikati uga upo sawasawa na penye mstari. Kila chembe ya chuma ikiingia ndani ya uga hugeuka sumaku ndogo yenye ncha zake mbili, ikamshika mwenzake kichwa kwa mkia, na safu ikishajengeka husukuma safu ya jirani. Mianya inatokana na vumbi lenyewe. Nikamwambia agonge tena. Nyuzi zikahama zikaota mahali pengine, umbo la jumla likabaki lile lile. Mistari ya uga ni kama mistari ya latitudo kwenye ramani: inatusaidia kujua tulipo, na hakuna baharia aliyewahi kujikwaa juu yake.

Ndipo nikamjibu swali lake la kwanza. Uga wa sumaku hauishii popote. Hupungua, na hupungua haraka sana. Ukishakuwa mbali na sumaku kiasi cha kuiona ndogo, ukiongeza umbali mara mbili, uga hushuka hadi 1/8. Ukiongeza mara tatu, hadi 1/27. Ndiyo maana kijana wa vyuma chakavu anahisi mvuto wa ghafla kwenye sentimita za mwisho na kabla ya hapo hahisi chochote. Kila mahali pana kiasi chake, ila mbali kiasi hicho kinazidiwa na uga wa dunia yenyewe. Michongoma haipo; ipo tu sehemu ambapo sauti ya sumaku yako inamezwa na sauti kubwa zaidi.

Kipimo cha ukubwa huo ni tesla, kwa jina la Nikola Tesla. Uga wa dunia ni mdogo: kutegemea mahali, ni kati ya mikrotesla 25 na 65 hivi, na mikrotesla ni sehemu moja ya milioni ya tesla. Mashine nyingi za MRI hospitalini zina tesla 1.5 au 3, yaani makumi ya maelfu ya mara ya uga tunaotembea ndani yake kila siku. Ndiyo sababu mgonjwa huvuliwa kila kitu cha chuma kabla ya kukaribia chumba kile.

Akaendelea kuuliza, nami nikaendelea kujibu. Uga unazuilika? Mkono, ubao, glasi na maji ni kama havipo mbele yake. Chuma pekee, kwa vitu vya nyumbani, ndicho kinachouvutia kupita ndani yake na hivyo kuupunguza upande wa pili. Sumaku ikikatwa vipande viwili? Unapata sumaku mbili, kila moja na ncha zake mbili, kwa kuwa usumaku unatoka ndani kabisa, kwenye elektroni, ambazo kila moja ni kisumaku. Katika chuma, baadhi ya elektroni hukubaliana kuelekea upande mmoja. Joto huvunja makubaliano hayo. Chuma kikifika nyuzi 770 za Selisiasi hakinasi tena sumaku mpaka kipoe.

Swali moja lilinichukua muda. Sumaku inayoshikilia karatasi kwenye mlango wa jokofu mwaka baada ya mwaka, inakula nini? Haili chochote. Msumari unaoning'iniza koti nao haupungukiwi na kitu, kwa kuwa kushikilia kisichosogea hakutumii nishati. Nishati inahusika pale tu kitu kinaposogea: kipande cha chuma kikirukia sumaku, nishati iliyokuwa imehifadhiwa ndani ya uga inageuka kuwa mwendo na mlio wa kugonga, na mkono wako unairudisha yote unapokibandua. Hapa tena mwenye kusema "nguvu ya sumaku" atakwama, kwa sababu hana mahali pa kuiweka nishati hiyo. Inakaa kwenye uga.

Jioni tulifanya jaribio la mwisho. Nilichukua sindano ya kushonea, nikaifunga uzi katikati, nikausogezasogeza uzi mpaka sindano ikalala sawa kama mizani ya duka. Kisha nikaisugua, kutoka tundu hadi ncha kali, mara 30 hivi, kwa ncha ya kusini ya sumaku. Nikairudisha hewani. Ikazunguka, ikasita, ikatulia: ncha kali kaskazini. Hiyo ndiyo dira, chombo cha manahodha wetu. Hadi hapo mpwa wangu hakushangaa.

"Mbona imeinuka?" akasema.

Ilikuwa imeinuka kweli. Sindano iliyolala sawa dakika chache kabla sasa ilikuwa imenyanyua ncha yake kali, kaskazini na juu, na tundu limeshuka. Haikuongezewa uzito wala kupunguzwa. Huko London mwaka 1581 fundi wa dira aitwaye Robert Norman aliandika habari ya jambo hilo hilo: sindano alizozisawazisha kwa uangalifu, akishazitia usumaku, zilipoteza mizani. Yeye aliona ncha ya kaskazini ikizama, kwa kuwa Uingereza iko kaskazini ya mstari ambapo uga wa dunia hulala sawa na ardhi. Kwa upande wetu wa Afrika mstari huo unapita juu huko Ethiopia. Sisi wa Dar es Salaam tuko kusini yake, na huku kwetu uga hutoka ardhini na kupanda kwa mshazari ukielekea kaskazini.

Mpwa wangu akalala chali sakafuni ili aitazame sindano kutoka chini, akanyoosha mkono sambamba nayo, kuanzia kwenye saruji hadi pembe ya dari.

"Kumbe uga wenyewe umeinama," akasema, mkono ukiwa bado juu. "Umetokea huku chini, umepita hapa kwangu, umetoka pale."