Ziwa Katika Ardhi Kavu

Enzi ya ukoloni, ardhi ya kuzunguka Ziwa Naivasha ilipogawanywa, ilibidi ijulikane ziwa linaishia wapi. Kilichochaguliwa ni kimo cha maji cha mwaka 1906, futi 6,210 juu ya usawa wa bahari. Chini ya mstari huo, hata pakikauka, pakahesabiwa kuwa pa ziwa.

Kufikia 1946 maji yalikuwa yameshuka mno. Mtu angeweza kusimama kwenye nyasi, ng'ombe wakila kando yake, na ramani ikasisitiza kwamba yuko ziwani. Je, ziwa hilo lilikuwapo, au lilikuwa jina tu?

Wanafalsafa wamegombana sana juu ya swali la namna hii: je, kinachowezekana tu nacho kipo? David Lewis, Mmarekani, alishikilia mwaka 1986 kwamba kila kinachowezekana kipo kweli, katika dunia nyingine iliyo halisi kama hii yetu. Wapinzani wa fikra hiyo husema "yamkini" ni neno tu. Kilichopo ni kilichopo, basi.

Hapa kwetu mjadala ulipitia lugha. John Mbiti, mzaliwa wa Kitui, alichunguza vitenzi vya Kikamba na Kikikuyu, na katika kitabu chake cha 1969 akadai kwamba kwa Mwafrika wakati una pande mbili, akaziita kwa Kiswahili: Sasa na Zamani. Yajayo hayajatokea, kwa hiyo ni kama hayapo. Kwame Gyekye wa Ghana alimpinga, na alikuwa na haki. Kiswahili chenyewe kinatofautisha "maji yangerudi" na "maji yangalirudi": la kwanza bado lina nafasi, la pili nafasi yake imekwisha kupita. Lugha isingejisumbua kupanga hivyo mambo ambayo si kitu.

Lakini ushahidi mzito zaidi kwamba yamkini si neno tu ni mlima na mto. Mvua ya milima ya Nyandarua huteremka kwa mto Malewa hadi katika ziwa lisilo na mto wa kutokea. Kurudi kwa maji kulikuwa kwenye mteremko huo siku zote, hata mwaka wa ukame. Wamaasai waliliita Nai'posha, maji yanayochafuka, yanayokwenda na kurudi.

Mtaa wa Kihoto ulikua kandokando ya ziwa hilo. Kwa Kikikuyu, kihooto ni haki, na pia hoja iliyoshinda. Mwaka 2020 maji yaliingia majumbani, na viboko wakaja nayo. Mwaka 2025 yakarudi, maelfu wakahama, na penye njia ya bodaboda mashua zikapita zikibeba magodoro.